Disko Lilipofika Shume

Kazi yangu ni kushauri wanafunzi wa chuo kikuu. Si ushauri wa mapenzi wala wa maombi, ingawa hayo nayo huletwa mezani kwangu kila wiki. Ni ushauri wa masomo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akitaka kubadili kozi, akikwama kwenye somo, akiugua katikati ya muhula asijue afanye nini, anaelekezwa kwangu. Ninamsomea kanuni, ninamwonyesha mlango ulipo na lini unafungwa. Mbele yangu wananiita Madam. Wakidhani siwasikii wananiita Mama Kanuni. Nawasikia sana, na sina ubaya na jina hilo, maana kama wangezisoma hizo kanuni wenyewe mimi nisingekuwa na kazi.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Nimekulia kwenye joto, na baridi ya Lushoto imenikuta ukubwani, kwa hiyo hasira zangu za asubuhi naomba nisamehewe. Dirisha la ofisi yangu halifungi sawasawa. Ukungu unaingia bila hodi, unakaa kwenye kiti cha wageni, na mimi nakaa upande wa pili na soksi zangu na chupa ya chai ya tangawizi. Wanafunzi wa huku huku Usambara wakinikuta nimejikunyata hivyo wanachekea kwenye viganja. Kwao hiyo ndiyo hali ya hewa nzuri.

Chuo chetu ni kidogo. Nyumbani wanafunzi wetu wanazungumza Kishambaa, darasani wanaandika Kiingereza, na utani wao wote wanaufanya kwa Kiswahili, Kiswahili cha vyuoni ambacho hata mimi ilibidi nijifunze. Mtihani wa marudio wanauita sapu. Somo unalolibeba kwenda nalo mwaka unaofuata ni keri. Na mwanafunzi aliyefeli mpaka akaondolewa chuoni, huyo kadisko. Ni neno la Kiingereza la kukatishwa masomo, walilikata mkia likabaki disko. Siku hizi hata sisi walimu tunalo mdomoni. Kwenye kikao utamsikia mtu mzima na mvi zake akiuliza mwaka huu wamedisko wangapi, na mwenzake anajibu bila hata kuinua macho.

Binti ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuja kwangu mara ya kwanza akiwa mwaka wa kwanza, amevaa koti la kiume lililompita magotini. Alikuwa anasomea ualimu wa hisabati. Alitoka Shume, kule juu kwenye misitu ya misonobari na mashamba ya kabichi na viazi, na koti lilikuwa la baba yake. Hakuwa na shida yoyote siku ile. Alikuja kuniuliza tu kama anaruhusiwa kuchagua masomo yote ya hisabati yaliyopo, maana baba amesema asiache hata moja. Nikamuuliza, na wewe umesema nini? Akacheka, akainama. Tangu siku hiyo ukawa utani wetu. Akija na la "baba amesema", mimi namuuliza, na wewe?

Lakini alikuwa na lake pia. Aliniambia sekondari ya kata kwao ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati, wakawa wanafundishana wenyewe kwa kitabu kimoja, na wengi wa darasa lake wakaishia shambani. Yeye alitaka kusoma amalize, arudi pale pale, asimame mbele ya ubao ule. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Alitaka baba yake awe anapita pale shuleni akienda shamba, amwone. Nilipenda sana mipango ya yule mtoto. Wengi wanaokuja kwangu wanataka tu kuondoka milimani, na siwalaumu, mimi mwenyewe kila Desemba nateremka Tanga mbio.

Mwaka wa pili matokeo ya mwisho yalipotoka, nikaona jina lake kati ya waliodisko. Nilidhani mfumo umekosea, kwa sababu mfumo wetu ukiamka vibaya unaweza kukufelisha hata wewe mwalimu. Nikakagua. Haukukosea. Alikuwa ameanguka karibu masomo yote, na mengine alikuwa ameacha karatasi nyeupe.

Nikamwita. Akakaa kwenye kile kiti, koti lile lile. Nikamuuliza kulikoni, nikamuuliza tena kwa sauti yangu ile wanayoiogopa.

"Mama alifariki, Madam," akasema.

Alifariki lini? Wiki ya mitihani. Alikuwa amekwenda Shume, amezika, na Jumatatu yake akarudi akaingia chumba cha mtihani bila kumwambia mtu. Hata mwenzake wa chumbani alidhani amekwenda kusalimia.

Mimi nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. Nilimfokea mtoto aliyefiwa. Nilimwambia kuna kuahirisha masomo, ni jambo la kuja hapa na kusema sentensi moja, mama yangu amefariki, basi, angefanya mitihani yake mbele ya safari akili ikiwa imetulia. Kwa nini hakusema? Akanijibu kwamba baba alisema asikose mitihani kwa ajili ya msiba, mama asingependa. Sikumuuliza na wewe ulisema nini. Nilianza kulia mimi, na yeye ndiye aliyeinuka akanimiminia chai na kuniambia, pole, Madam.

Tukaandika rufaa. Kanuni inaruhusu, mwanafunzi aliyepatwa na msiba akiweza kuthibitisha, kamati inaweza kumrudisha arudie mwaka. Nilimwambia aende nyumbani akasubiri, na amwambie baba yake kwa mdomo wake mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Aliogopa. Alisema kanisa zima linajua anasoma hisabati. Nikamwambia kufeli si kuua, aende. Akaenda.

Kwenye kamati nilisema mpaka mwenyekiti akaniomba nikae chini. Wakakubali. Atarudia mwaka wa pili, nafasi ni moja tu, na asiporipoti kabla usajili haujafungwa, atahesabiwa ameacha masomo na hatasikilizwa tena. Nilitoka pale nimefurahi kama mimi ndiye niliyerudishwa chuo. Nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga jioni, nikapiga kesho yake. Usajili ukafunguliwa, wenzake wakaanza kupanda mlima na magodoro yao, yeye hayupo. Ndipo nikamtafuta mwenzake wa chumbani, na yule binti akaniambia huku akitazama pembeni kwamba baba yake alimfukuza nyumbani.

"Kwa ajili ya nini?" nikauliza.

"Kwa ajili ya kudisko, Madam."

Damu ilinichemka. Nimeona wazazi wakali, lakini kumfukuza mtoto kwa kufeli mtihani, tena mtoto ambaye ametoka kumzika mama yake, na tena ni wewe uliyemwambia akaufanye huo mtihani? Jumamosi nikakodi gari kwenda Shume. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Dereva alijaribu kunionyesha malori ya mbao na bei ya viazi, akaona sijibu, akaacha. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na kadiri baridi ilivyozidi ndivyo nilivyoongeza maneno kwenye hotuba yangu.

Nilimkuta baba wa watu amekaa mbele ya nyumba anachambua viazi, vya mbegu huku, vya kula huku. Mtu mrefu, mwembamba, kofia ya sufu. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu. Akaleta kiti, akakifuta kwa mkono wake wa shati. Nikajitambulisha kwamba mimi ni mwalimu kutoka chuoni kwa binti yake. Akasogeza viazi pembeni. Akaingia jikoni, nikamsikia anapuliza moto, akarudi na chai na viazi vya kuchemsha, amepika mwenyewe kwa kuwa nyumba haikuwa na mwanamke tena. Chumvi ilikuwa nyingi mno. Nikala, maana hata ugomvi una adabu zake, na hotuba yangu ikaanza kupoa tumboni.

Nilipomaliza nikasema nimekuja kwa ajili ya yule mtoto, na kwamba mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Akanijibu taratibu kwamba yeye hakukata kiganja, lakini kuna uchafu mwingine haulingani na huo. Nikamwambia, mzee, sisi chuo tumemsamehe, anaweza kurudi. Akaniangalia.

"Chuo kinasamehe mambo kama hayo?"

"Kinasamehe, mzee. Yeye si wa kwanza. Kila mwaka wanadisko."

"Kila mwaka. Na nyie walimu mnajua?"

"Tusijue vipi, mzee? Sisi ndio tunaowadisko."

Aliweka kikombe chini. Alinitazama kama mtu aliyegundua amemkaribisha mchawi chai.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "wewe ni mtu mzima, umejistiri vizuri. Hawa watoto mnawachezesha wapi?"

Kicheko kilinifika kooni. Namshukuru Mungu hakikutoka, kwa sababu nyuma yake lilikuja lile jambo lenyewe, polepole. Huku vijijini disko ni disko. Ni jenereta na spika kwenye banda la gulio, disko vumbi, vijana wa mbao na pombe, na wasichana ambao kesho yake wanasemwa kisimani. Binti akisemwa anakwenda disko, hakuna haja ya kumalizia sentensi. Na huyu mzee, mwenye binti mmoja, mgane wa miezi michache, mtu wa benchi la mbele, aliletewa habari kwamba mwanawe kadisko.

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wa mwaka wa kwanza, neno kwa neno. Kwamba chuoni kudisko si kucheza. Ni kufeli mpaka unaondolewa. Kwamba binti yake hajawahi hata kuchelewa kurudi bwenini, kazi yake ilikuwa hisabati na kwaya.

"Kwa hiyo alifeli," akasema.

"Alifeli, mzee."

"Mitihani."

"Mitihani tu."

Akachukua kiazi kimoja kwenye rundo la mbegu akakitia kwenye rundo la kula, akakitoa, akakirudisha. Halafu akanisimulia, na mimi nawasimulia kama nilivyosikia, ingawa mengine aliyasema kwa Kishambaa na dereva wangu, Mshambaa wa Vuga, ndiye aliyenitafsiria.

Kijana mmoja wa kijijini kwao, naye anasoma chuoni kwetu, alitangulia kurudi. Wakiwa wanapima viazi mtu akamuuliza habari za binti wa mzee, akasema yule kadisko. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema fulani ana mafua, akaendelea na safari yake. Neno likazunguka. Lisemwalo lipo, watu wakasema, kama halipo linakuja. Lilipomfikia baba lilikuwa limeshavaa nguo nyekundu. Kesho yake binti akaingia na begi.

Baba alimsubiri mlangoni. Hakumwambia karibu. Alimuuliza, watu wanasema umedisko, ni kweli? Mtoto akapiga magoti, akasema ni kweli, baba, nisamehe. Akamwambia, kaburi la mama yako halijaota hata majani. Mtoto akasema, najua, baba, ni kwa sababu ya mama, tangu azikwe akili yangu haikuwa yangu.

"Nilisikia hivyo kwa masikio yangu," mzee akaniambia. "Nilisikia mtoto anasema amekwenda kucheza kwa sababu mama yake amekufa."

Akamwambia atoke. Akatoka, na begi lake, na wala hakujitetea, kwa sababu lile aliloulizwa alikuwa amelifanya. Jumapili iliyofuata baba alisimama kanisani mbele ya watu, akasema mtu aliyeshindwa kusimamia nyumba yake hafai kuwa mzee wa kanisa, akatoka benchi la mbele akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Walimbembeleza. Alikataa. Wakati mimi nampigia mtoto simu nikidhani mtandao ndio mbaya, huyu mtu alikuwa anakaa nyuma ya kanisa kwa ajili ya neno.

Nilimuuliza binti yuko wapi. Alijua. Alikuwa ameteremka Mnazi, kule nyikani, kwa mama mdogo wake. Nikamwambia usajili unafungwa Ijumaa, Jumatatu nitapita nimchukue, twende wote. Akasema ndiyo, mwalimu, na hapo ndipo alipolia, bila sauti, akijifuta kwa ile kofia.

Jumatatu tukateremka. Mzee alivaa suti ya kanisani. Njiani nilifanya kazi yangu, nikamshauri. Nilimwambia, mzee, binti anaamini ulimfukuza kwa kufeli. Kufeli kumesamehewa. Ukifika mwambie nimekusamehe, rudi nyumbani, basi. Hili la kucheza usilitaje. Atajua baadaye, akishamaliza masomo, mtalicheka siku moja. Aliniuliza, nimrudishe nyumbani kwa uongo? Nikamwambia kunyamaza si uongo. Akageukia dirisha. Tulipofika chini joto likatupokea, mimi nikavua soksi kwa furaha kama niko kwetu, na yeye akavua koti akalikunja vizuri akaliweka mapajani.

Tulimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda, nyika ilikuwa imeshamtia homa mara moja akapona. Alipotuona aliweka ungo chini, akaja akapiga magoti, shikamoo baba, shikamoo Madam. Baba aliitikia marahaba lakini sauti haikutoka vizuri. Mama mdogo akatoa mkeka. Mimi sikungoja hata maji ya kunywa. Nikamwambia rufaa imekubaliwa, anarudia mwaka, Ijumaa mwisho, nafasi ni moja na hakuna ya pili, nikamsomea na kanuni yenyewe kama ilivyoandikwa ili asije akaichezea. Mtoto alijifunika uso kwa khanga. Alipoufunua alikuwa anacheka na kulia. Akauliza kama atasoma na wale waliokuwa mwaka wa kwanza, kama atapata kitanda bwenini, kama yule mwalimu wa takwimu bado ana hasira. Nikamwambia hasira ya yule ni maji ya vuguvugu tu, ya kwangu ndiyo hasira. Akasema kesho asubuhi anapanda.

Kisha akageuka, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nilikuangusha."

Nilimtazama yule mzee kwa macho yote niliyonayo. Yeye ni Mlutheri na mimi ni Mwislamu, lakini pale nilimwombea kwa Mungu wetu sote asiseme. Maneno mawili tu yalitakiwa. Nimekusamehe, mwanangu.

"Inuka," akamwambia. "Mimi sikukufukuza kwa sababu ya mitihani. Mitihani nisingekufukuza. Nilisikia disko nikajua ni ile ya kucheza. Nilijua umekwenda kwenye mambo ya wanaume. Juzi ndipo mwalimu amenieleza."

Binti aliinuka. Alisimama pale mikono imening'inia. Nilimwona analirudia lile jambo kichwani, mlango, swali, jibu, kama mtu anayekagua hesabu yake upya.

"Mimi, baba?" akasema.

Baba aliutazama ungo uliokuwa chini.

"Siku zote hizi nalala hapa najiambia nilistahili. Nimefeli, baba ameaibika, ana haki yake. Kumbe uliniona mimi ni mtu wa kwenda kucheza, mama akiwa na wiki moja kaburini. Wengine wakisema, sawa. Wewe ndiye uliyenilea."

Mzee akasimama. Alikuwa amempita binti yake kimo kwa kichwa kizima. Akavua kofia, akaishika mbele kwa mikono miwili, akainama.

"Shikamoo, mwanangu," akasema.

Sijapata kusikia kitu kama hicho maishani mwangu na sitaki kukisikia tena. Mama mdogo aliyekuwa mlangoni na sufuria aligeuza uso. Mtoto hakuitikia. Angeitikiaje? Alisema, usinifanyie hivyo, baba, akaokota ungo akaingia ndani.

Alitoka baadaye na chakula. Alimnawisha baba yake mikono, akampakulia wa kwanza, akamtengea nyama nzuri, hakukosea adabu hata moja. Baba alikula. Nilipoinuka kwenda kumuaga binti nyuma ya nyumba, akaniambia harudi chuoni. Nikamfokea, nikambembeleza, nikamwambia yote ninayoyajua. Nikamwambia shahada ni yake, si ya baba yake, atenganishe hayo mambo mawili. Aliniacha nikamaliza. Akasema alikuwa anasoma ili arudi Shume afundishe, baba awe anapita pale anamwona. Sasa akisoma, akirudi, baba atakuwa anamwona nani? Sikuwa na kanuni ya hilo.

Ijumaa nilikaa ofisini mlango wazi na baridi yote ikaingia. Kila niliposikia nyayo niliinua kichwa. Jioni mhasibu akapita kunitakia wikiendi njema, nikamjibu vibaya. Hakuja. Mfumo ukafungwa wenyewe, kama ulivyopangwa.

Bado yuko Mnazi, anafundisha watoto wa msingi kwa kujitolea na kulima mpunga na mama mdogo wake. Baba anateremka kila akivuna, na gunia la viazi. Anapokelewa kwa magoti, ananawishwa, analishwa, anafuliwa shati, na jioni anapanda mlima peke yake. Kanisa limemwomba arudi benchi la mbele. Amekataa.

Wiki iliyopita mzee alinipigia simu. Aliuliza habari za baridi, za kazi, za watoto wangu, kwa kirefu, kama wanavyosalimia watu wa huku. Kisha akaniuliza kama ile nafasi ya binti yake bado ipo, endapo moyo wake utabadilika mwakani. Nafasi haipo, imekwisha Ijumaa ile, na kanuni hiyo ninaijua kuliko sala zangu. Nilikivuta kitabu cha kanuni, nikakisukuma pembeni. Nikamwambia, ipo, mzee, mlango bado uko wazi.

Akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Akasema kesho alfajiri anateremka Mnazi kumpelekea binti yake habari hiyo.